Kibuyu cha mursik kilivyonitoa jikoni: tulivyoishi na wanafunzi wakati wa corona

Wakuu, salamu kutoka upande wa Bureti, ambako mvua hufika kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Mimi ni mpishi, kuongeza chumvi ni kazi yangu, lakini hapa sijaongeza.

Kidogo kunihusu. Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo niliacha shule nikabaki na dada yangu Chepkoech na mdogo wetu Kibet. Nilijifunza kukama, kupika na kusuka nywele. Kusuka kulinishinda, Chepkoech ni shahidi.

Baadaye nilipata kazi ya jikoni kwenye programu moja ya Kikristo, si mbali na Roret. Vijana wa college wanakaa hapo mwaka mzima, wanasoma Biblia na masomo yao ya kawaida. Mshahara huo ndio uliowaweka wadogo zangu shuleni. Hakukuwa na mwingine.

Corona ilipokuja, mkurugenzi wetu, Madam Chelagat, alisema hatutafunga. Tutafunga geti tu. Aliye ndani abaki ndani, hata mpishi.

Sheria zikaanza. Madirisha wazi usiku na mchana. Mnajua baridi ya huku kwenye chai. Ibada ya asubuhi watu walikuja na blanketi, ukiangalia kwa mbali unadhani ni wodi imeamua kuokoka.

Kusalimiana kwa mkono, hapana. Hiyo ilituuma, kwa sababu huku hujaingia kanisani kama hujashika mikono yote.

Kuimba, nje tu. Kila mtu alisimama kwenye mstari wake wa chai. Akina mama waliokuwa wakichuma shamba la jirani walituuliza, "Nyinyi mnachuma ama mnayaombea majani?"

Na getini kulikuwa na ubao: mfanyakazi aliye na mgonjwa nyumbani haruhusiwi kazini. Huo ubao muukumbuke.

Nyumbani kwetu ni karibu. Kila Jumamosi Kibet alikuwa anakuja na kibuyu changu cha mursik, maziwa yetu ya kulala. Anakiweka juu ya jiwe nje ya geti, anarudi nyuma, mimi nachukua, nakiosha kwa sabuni upande wa nje. Madam aliniruhusu hicho kimoja, mradi ninywe peke yangu.

Kwa wasiojua: maziwa yanachemshwa, yanapozwa, yanawekwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti unaoitwa senetwet. Yanalala siku kadhaa. Kila mkono una mursik yake. Ya Chepkoech ni laini, ina rangi ya mawingu.

Jumamosi moja nikakaa nje ya stoo, nikamimina, nikanywa. Nikatafuna mkaa. Kipande kizima, kama njugu.

Nikampigia Kibet.

"Nani alitengeneza hiki kibuyu?"

"Ni Chepkoech."

"Mpe simu."

"Ameenda kuteka maji."

"Na tenki ilijaa jana kwa mvua?"

"Bro, aliniambia nikikuambia atanichapa."

"Atakuchapa wewe na nguvu gani?"

"Ndiyo hiyo shida. Hana."

Mursik haitengenezwi leo ikanywewa leo. Maana yake dada yangu alikuwa amelala chini tangu mwanzo wa wiki, na kila jioni alinitumia message kwamba wako salama.

Aliusoma ule ubao siku waliponisindikiza hadi getini. Alijua akiugua, mimi sina kazi.

Nilisimama nikaangalia kabichi za mchana zikiningoja kule jikoni. Kabichi hazikunisaidia. Nikinyamaza, vijana watakula na mshahara utakuja. Lakini nilikuwa nimekinywea kibuyu cha nyumba yenye mgonjwa, na kule ndani kulikuwa na watoto wa watu.

Nikamwita Madam, nikamwambia asimame mbali, nikamweleza yote.

"Brother Langat, umeingia jikoni tangu unywe?"

"Bado."

"Basi usiingie. Nenda umwone dada yako. Kazi yako iko."

"Na ubao?"

"Ubao niliandika mimi. Hata kufuta najua."

Nikafika nyumbani. Chepkoech alikuwa ndani ya blanketi, anapumua kama aliyepanda mlima.

"Wamekufuta kazi?" akauliza.

"La. Nimekuja kuosha kibuyu."

Alijaribu kucheka, pumzi ikakataa. Hapo ndipo niliogopa.

Jirani alitutolea pickup yake ya majani chai. Tulikaa nyuma, upepo ukipita, hadi hospitali kule Kapkatet. Wakamwekea oxygen. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilizoea kukaa nje ya ua nikiangalia dirisha ambalo hata sikuwa na hakika kama ni lake.

Sasa sikieni yaliyotokea kule programu.

Jioni ileile Madam aliwasimamisha vijana kwenye mistari ya chai akawaambia kwa nini mpishi ameondoka, na kwamba kazi yake inamngoja. Kijana mmoja wa upande wa ziwa, Ochieng, akainua mkono.

"Madam, hata mimi tangu juzi sisikii harufu. Niliogopa mtanirudisha nyumbani."

Wakamtenga yeye na wenzake wa chumba. Wawili waliumwa kidogo wakapona. Haikuenda mbali zaidi.

Ochieng alinipigia kutoka chumba cha kutengwa. "Chef, mimi sasa ni mgonjwa rasmi. Na vile hawa walioshika jiko lako wanapika, kutosikia harufu ni neema ya Mungu."

Chepkoech aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mwembamba kama mwiko. Tulikaa karantini sote watatu, tukinywa maziwa ambayo hakuna mtu angenunua. Muda ulipoisha nilirudi kazini. Ubao ulikuwa umeandikwa upya: ukiumwa, au nyumbani kuna mgonjwa, sema mapema, nafasi yako itakungoja. Sufuria kubwa ilikuwa imeungua kiasi cha kuhurumiwa.

Nilichojifunza, kwa yeyote anayeendesha mahali watu wanalala pamoja: madirisha na sabuni ni vizuri, lakini mtu akiogopa kusema anaumwa, geti lako limefungia ugonjwa ndani.

Chepkoech bado alikuwa anasema kwa simu kwamba yuko sawa. Sikumwamini, alishanidanganya na simu hiyohiyo. Jumamosi kibuyu kikaja juu ya jiwe. Nikamimina. Laini, rangi ya mawingu, hakuna cha kutafuna.

Hapo nikaamini.

Wakuu, kwenu nani alificha kikohozi wakati ule, na alikuwa anaogopa nini? Andikeni hapa. Nitasoma nikishapakua chakula cha mchana, hawa wa mwaka huu wanakula sana.