Mikorosho Niliyoiita Watoto

Nilitoka Nkowe asubuhi moja ya msimu wa korosho, wala sikujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na kanga mbili, kisu, na unga kidogo niliofunga kwenye kitambaa. Njia ya kutoka nyumbani kwetu ilipita katikati ya shamba langu. Korosho zilikuwa zimedondoka usiku, bado zimeshikana na mabibo yake, mengine mekundu, mengine ya manjano, na nyuki wameshaanza kazi. Siku nyingine yoyote ningeinama. Asubuhi ile nilikanyaga nikapita.

Nasema shamba langu. Wakati ule hakuna mtu mwingine aliyeliita hivyo.

Njia ilipogawanyika nilisimama. Mkono mmoja ni Narung'ombe, kwa ndugu zangu wengine, ambao wangenirudisha siku hiyohiyo. Mkono wa pili ni Ruangwa. Nikashika wa Ruangwa.

Tangu utoto nilikuwa mtu wa njia. Nikiiona, nataka kujua inaishia wapi. Shule niliiacha darasa la pili, nilipoingizwa unyago, nikabaki na kusoma kwa kuburuta na tabia ya kuuliza uliza. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na miguu ya mbwa. Hata mbegu za korosho nilizipata kwa kutangatanga. Nilikuwa nimeolewa tayari nilipofuata njia moja mpaka karibu na Mtua, nikaona kwa mtu miti ambayo kwetu hatukuwa nayo, nikauliza inaliwaje, inauzwa wapi, inapandwa lini. Mwenye miti alichoka kunijibu, akanipa mbegu ili niondoke. Nilizileta kwenye pindo la kanga.

Mume wangu alicheka alipoziona.

"Unapanda miti ya Wahindi? Utaitwanga?"

"Zinauzwa."

"Lini? Tukishakuwa makaburini?"

"Nisaidie kufyeka tu. Mashimo nitachimba mwenyewe."

"Mimi nilioa mke," alisema, "sikuoa pori."

Kwetu Wamwera wa wakati ule mume ndiye aliyehamia kwa kina mke, na alitazamiwa ashike jembe ili wakwe wamwone. Wangu alishika bao. Nilifyeka peke yangu, nikachimba, nikafukia, nikazungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Kiangazi cha kwanza nilichota maji kisima cha mbali, mtungi baada ya mtungi, nikipita mbele ya baraza alipokaa na wenzake.

"Mwoneni," aliwaambia. "Miti inanyweshwa. Mimi nikiomba maji ya kuoga naambiwa ngoja."

Wakacheka. Mmoja wao akaongeza kwamba labda miti ile itanizalia mtoto, maana mume ameshindwa. Hapo mume wangu hakucheka, lakini hakusema neno la kunitetea pia. Ni kweli, hatukuwa na mtoto. Nadhani maneno yale ndiyo yaliyonitia wimbo kichwani, ingawa sikujua siku ile.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu mwanamke akiwa kwenye kinu anaimba atakalo. Yale asiyoweza kumwambia mume, mkwe au wifi kwa mdomo, anayaimba huku anatwanga, na mwenye kusemwa anapita kama hakusikia. Maneno ya kinuni hayapelekwi popote. Mchi ukishawekwa chini, yamekwisha. Wanawake wa kwetu wameishi na mambo mengi kwa sababu ya ruhusa hiyo.

Wimbo wangu wa kwanza ulimhusu mume wangu. Nilimwita mti wa uani: umechomekwa ardhini miaka yote, haukuchipua wala haukufaa kuni. Nikauogopa. Niliona atajitambua mara moja, na jirani yangu tuliyekuwa tukitwanga naye alisema, "Huo usiuimbe, dada. Utapigwa na mchi huohuo." Nikatafuta picha ya upole zaidi. Nikaimba hivi, ingawa kwa Kimwera unakwenda vizuri kuliko hapa:

*Nimezaa, wenzangu, nimezaa,*
*hawakuniuma tumbo, wameniuma mgongo.*
*Mkunga wao jembe,*
*maziwa yao mtungi wa kisima cha mbali.*
*Baba yao mwulizeni:*
*yuko barazani, anangoja wakue wamwamkie.*

Ulipendwa. Wanawake wengine waliuchukua, ukasikika vinu vya mbali. Niliufurahia mno, zaidi ya nilivyofurahia kitu chochote katika nyumba ile. Niliona nimemchoma bila yeye kuona mwiba.

Kisha miti ikazaa kweli. Mwenye duka wa Kihindi akaanza kununua korosho, na mume wangu akainuka barazani. Mwaka wa kwanza alisema "shamba la mke wangu" kwa kejeli. Mwaka wa pili akasema "shamba letu." Wa tatu alipeleka magunia dukani mwenyewe, na nilipouliza akaniambia shamba lake lisinisumbue. Nikamshtaki kwa jumbe.

Nilikwenda na moyo mwepesi. Kila mtu alijua nani alichimba. Na mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyekuja kunisimamia kama ilivyo desturi, na mjomba alikuwa hampendi mume wangu hata kidogo.

Mume wangu alisimama akasema, "Jumbe, mimi sina maneno mengi. Mwulize mke wangu anaimba nini kinuni."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Ya kinuni tena, bwana?" Lakini jumbe alikuwa ameshacheka.

"Wimbo ule? Hata kwangu unatwangiwa."

"Basi," akasema mume wangu. "Miti ile ameiita watoto. Kwa kinywa chake. Na baba yao amemtaja, yuko barazani. Wakati ule aliyekaa barazani ni nani kama si mimi? Mke wa mtu akizaa ndani ya ndoa, watoto ni wa nani?"

Nilimtazama. Miaka yote nilidhani hasikilizi.

"Ni miti," nikasema. "Nilisema watoto kwa sababu niliilea."

"Sasa unaikana?" akauliza jumbe, na baraza zima likacheka.

Hapo mjomba akainua mkono. "Huyu bwana amekaa kwetu miaka yote hii hajajifunza," alisema. "Kwetu mtoto si wa baba. Baba ni mgeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake."

Nilifurahi nikataka kupiga vigelegele. Mjomba akaendelea, hata hakunigeukia.

"Na mkubwa wa ukoo ni mimi. Kama ni watoto, ni wapwa zangu. Waje kwangu."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka wale wawili, ambao hawakuwa wakipeana hata mkono siku ya Idi, waliitwa pembeni na jumbe wakazungumza kwa sauti ndogo. Waliporudi walikuwa wameelewana. Mume wangu atauza, mjomba atapata fungu lake kila msimu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ni mama," akasema jumbe kwa upole kabisa, kama anayenipa zawadi. "Mama haachi kulea. Utaendelea kuokota."

Niliokota msimu ule. Mume wangu alikuja shambani kunionyesha korosho nilizoziruka. Sikuimba tena, nikatwanga kimya, na yeye akaniuliza kwa dhihaka kama watoto hawajambo. Msimu uliofuata ulipoanza, nikaondoka.

Njiani nilikuwa na muda wa kuugeuzageuza wimbo wangu kichwani. Picha kali, ile ya mti wa uani, isingenidhuru. Ningepigwa, basi. Hakuna mtu angesimama mbele ya jumbe akasema, mti ule mkavu ni mimi. Nilimficha yeye nikaiweka wazi mikorosho, kwa sababu neno watoto lilikuwa laini na lilinifaa moyoni. Nilikuwa nalitaka, mimi mwenyewe.

Ruangwa nilikuta lori la mbao. Dereva aliniuliza, "Unakwenda kwa nani, dada?"

"Sijui bado."

"Basi panda. Hata mimi sijui kama tutafika."

Tulifika Nachingwea jua likiwa limeanza kulala. Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wameshaondoka, wameacha barabara pana kuliko watu waliopo na matrekta yaliyotambaliwa na mimea. Nilizunguka nikiyatazama, nikapanda kwenye moja kuona mwendeshaji alikuwa akikaa wapi, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipika kando ya barabara akanipigia kelele nishuke, kuna nyoka.

Alikuwa mjane wa Kimakonde, ana ndonya ya mti kwenye mdomo wa juu, anawapikia madereva. Nyumba yake aliiezeka kwa mapipa yaliyopasuliwa yakanyooshwa. Nilimwomba mahali pa kulala.

"Umekimbia mume?"

"Nimetembea. Sikukimbia."

Akacheka. "Una watoto?"

"Sina. Nina mikorosho, Nkowe."

"Ya nani?"

"Niliipanda mimi."

"Sijauliza nani kapanda. Nauliza, ya nani?"

Hakungoja jibu, akanionyesha ghala la nyuma ambako nitalala juu ya magunia matupu. Malipo ni kumtwangia mtama. Akanipa mchi palepale, kwani madereva walikuwa wanangoja ugali.

Nikafunga kanga kiunoni nikaanza. Baada ya muda aliinua kichwa kutoka jikoni.

"Huko kwenu mnatwanga hivihivi, kimya?"

"Tunaimba," nikasema, nikaendelea kutwanga.