Nilisema netiweki inashika kwenye nyumba ya bibi

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni msichana wa miaka 17, niko kidato cha nne, naishi na wazazi wangu Nyakato, Musoma. Nimebeba kitu ambacho nimeshindwa kukisema nyumbani.

Mwaka jana baba alijenga nyumba yetu, na uani akaongeza nyumba ndogo ya bibi mzaa mama, ambaye alikuwa anakaa Kiriba peke yake huku miguu imeanza kumsaliti. Kwa mila zetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, kwa hiyo hakuweza kupewa chumba ndani. Baba aliijenga kwa mawe, kuta nene, ili bibi asipate baridi ya ziwani. Humo tungeweka kamera ndogo, mama awe anamwona kwenye simu huku akishona nguo sebuleni.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni fundi umeme Bunda, na ndiye aliyetufungia umeme. Kabla uani hapajamwagwa zege alimwambia baba wachimbe mfereji, walaze bomba lenye waya wa mtandao mpaka kwa bibi, kwa sababu waifai haipiti vizuri kwenye mawe. Baba akanigeukia. Shuleni nasoma kompyuta na nafanya vizuri, basi baba huniita Injinia hata mbele ya wageni. Nikasema waya ni mambo ya zamani, siku hizi ni waifai tu. Mjomba akasema, "Mpwa wangu, daftari halijawahi kupiga plasta." Mafundi wote wakacheka. Niliumia.

Mjomba akasema tusibishane, tupime. Aliwasha ruta sebuleni, nikapewa simu niingie nayo kwa bibi. Mlangoni mtandao ulikuwepo. Nilipofika pale ambapo kitanda kingekaa, ukapotea. Nilisimama naitazama ile simu. Nje baba akauliza, "Vipi, Injinia?"

Nikajibu, "Inashika vizuri, baba."

Baba akamwambia mjomba, "Shemeji, nyie mafundi mnapendaga kujitengenezea kazi." Kesho yake mjomba alimalizia taa zilizobaki, akakusanya vifaa vyake, na tangu hapo hajakanyaga kwetu. Zege likamwagwa.

Bibi alihamia baada ya Pasaka. Picha ya kamera ikawa inaganda. Baba alisema ameuziwa ruta mbovu, akanunua nyingine, ikaganda vilevile. Wiki tatu zilizopita bibi alianguka asubuhi akitoka kitandani. Kwenye simu ya mama alionekana bado amelala, kumbe ni picha ya alfajiri. Mama alimkuta sakafuni saa nne alipompelekea uji. Mkono ulikuwa umevunjika. Bibi alimwambia, "Sikupiga kelele. Nilijua mnaniona, mnakuja."

Mama analia, anasema ni uzembe wake. Mjomba alipiga simu akasema kosa ni lake, angeng'ang'ania ule mfereji. Baba analaumu kamera. Kila mtu amechukua kipande cha kosa langu, na mimi kila jioni namwogesha bibi nikiwa kimya, naye ananiombea baraka kwa Mungu. Zile baraka zinanichoma.

Najua bado inawezekana. Waya unaweza kupita juu, kutoka paa letu hadi la bibi, bila hata kuvunja zege. Lakini baba hataki kusikia habari za waya, kwa sababu akikubali itabidi akiri kwamba alimsema shemeji yake bure. Na ni mimi niliyemfanya amseme.

Jumamosi mjomba anakuja kumwona mama yake. Baba ametangaza kwamba siku hiyo atakuwa Butiama kwenye kikao cha ukoo, nadhani ili wasikutane. Natamani nimwombe asiende, nikiri mbele yao wote wawili. Naogopa kumwaibisha baba mbele ya shemeji yake. Nikimwambia peke yake naogopa zaidi, maana ananipenda, atanisamehe papo hapo kisha aniambie tusimwambie mtu, na mjomba atabaki na jina baya.

Nyie mlio wazazi, mngependa mwanenu awaambieje jambo kama hili? Nishaurini, nianze na nani? Nisemeni vibaya mkitaka, nastahili, lakini naomba mnijibu kabla ya Jumamosi.