Siku Transfo Ilipotuzibia Njia ya Zambia

Juma lililopita nilipita Kampemba, kwenye barabara tuliyokulia, nikakuta lori limezama matopeni palepale pa zamani. Vijana wanasukuma, dereva anatukana, akina mama wanapita pembeni na mabeseni kichwani. Nikaanza kucheka peke yangu. Kijana mmoja akanigeukia, "Papa, unacheka nini? Kuya utusaidie!"

Nilivua viatu nikasukuma, lakini rafiki yangu, akili ilikuwa imekwisha kuondoka. Ilikuwa imerudi kwenye yale majira ya mvua nilipokuwa na miaka tisa, umeme ulipokufa mtaani kwetu. Transfo, yaani transfoma ya mtaa, iliungua kwa kishindo, ikatoa moshi mweusi na cheche, na sisi watoto tukaipigia makofi. Hatukujua tunachoshangilia.

Tulikuja kujua. Tangu alfajiri mama alipuliza makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, mpaka macho yakawa mekundu. Pasi ilikuwa ya makaa pia, ikadondosha majivu kwenye kola yangu nyeupe, na mwalimu akaniuliza mbele ya darasa zima kama nimetoka kuchimba shaba. Maji nayo yaligoma, tukawa tunayafuata kisimani kwa madumu. Na kila asubuhi, akichota maji ya kunawa kwenye ndoo, baba alisema neno lilelile: "Minachoka na hii inchi!"

Baba alikuwa fundi wa magari. Dada yake aliishi ng'ambo ya mpaka, Ndola, Zambia, akamtafutia kazi kwenye gereji ya huko. Shangazi alisema kule unazungusha bomba tu, maji yanatoka. Sikulala kwa furaha! Nilizunguka lupango wetu wote, uwanja mzima wa nyumba, nikifungua mabomba ya hewani kwa vidole, huku nikifanya mdomo wangu utoe mlio wa maji.

Nkambo wangu, mama yake baba, ndiye aliyekataa. "Miye? Kule nitasalimia nani?" alisema, akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. Baba alipomsihi, akamjibu kwa mfano wa ugali, "Mama akiunguza bukari, unasema. Lakini unakula kwake." Baba alikwenda kutafuta gari.

Gari lilikuja mchana. Magodoro na mbao za kitanda vikafungwa juu ya paa. Baba, ndani ya koti lake la Jumapili, aliingia jikoni kumuaga mama yake, akatoka ameelekeza uso ukutani. Tukapanda. Mama alikuwa analia kimya, mimi nacheka. Ndipo tukasikia kelele kutoka kona ya barabara: "Transfo inakuya! Transfo inakuya!"

Kweli! Ile transfo ambayo mtaa mzima ulikuwa umeichangia, na ambayo hakuna aliyeiamini tena, ilikuwa inakuja juu ya lori, kubwa, imepakwa rangi ya kijivu kama tembo. Watu walitoka na vijiko mikononi. Na palepale kwenye kona, mbele ya gari letu, lori likazama na kukaa mshazari. Njia nyingine haikuwepo.

Baba alitazama saa. Mpaka ulikuwa unafungwa jioni. "Basukume basi, tupite!" alipiga kelele dirishani, lakini nani angemsikia? Akashuka, akavua koti, akanikabidhi nilishike, akakunja suruali. Jirani yetu Mkasai, mwuza vitambaa kutoka mkoa mwingine ambaye hakuwa amesalimiana na baba tangu wagombanie uzio, alikuwa tayari kwenye kamba ya kuvutia lori. Alisogea kidogo, akampa nafasi. Baba akashika kamba.

Wakavuta! Mkasai akaanzisha wimbo wa Kiluba cha kwao, akina mama wa kwaya ya parokia wakaanzisha wao, na hakuna upande uliokubali kunyamaza. Lori likatikisika, likarudi palepale. Mara mimi nikamwona baba anakimbia kwenye gari letu, anakata kamba, anashusha mbao za kitanda, anazitia chini ya magurudumu.

"Baba Mutoto, kitanda!" mama akapiga ukelele.

"Tutalala chini!"

Mbao zikapasuka kwa mlio, lori likaruka mbele, na mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Baba alikuwa mwekundu kwa tope toka unyweleni hadi kidoleni. Dereva wetu akapiga honi. "Papa, njia inafunguka! Tuende!"

"Ngoja kwanza," baba akasema. "Tuone kama itawaka."

Mafundi waliifunga palepale, ikawaka jua likizama. Redio zote zilizoachwa bila kuzimwa zilianza kusema kwa wakati mmoja. Lo, zile kelele! Nkambo alitoka jikoni amejiziba macho kwa viganja, anacheka. Mkasai na baba walikumbatiana, tope kwa tope. Kinywaji cha munkoyo kikaletwa, dereva akala bukari na bitoyo, samaki wa chumvi, akashiba, akaondoka bila sisi. Nilililia bomba langu kidogo, nimekumbatia koti, halafu nikaenda kucheza.

Jumapili umeme ukakatika tena. Baba alitoka mbio hadi barabarani. "Umeme yetu! Transfo yetu, tulivuta siye wenyewe!" Alitukana kuliko zamani, na Mkasai akamwitikia kutoka kwake. Nkambo akacheka mpaka akakaa chini. "Zamani alinung'unika kama mugeni," akasema. "Sasa ananung'unika kama mwenye nyumba."

Hatukuhama kamwe. Baba aliendelea kulalamika mpaka mwaka wake wa mwisho, na mtaa ukilalamika pamoja naye.

Mimi sasa naishi upande wa Kasapa. Nina paneli za jua juu ya paa, tangi la maji, ukuta mrefu. Nalalamika pia, kwenye simu, na marafiki walio ng'ambo. Juzi umeme ulikatika eneo letu zima, nami nikaja kujua kesho yake, kazini. Tukacheka na wenzangu. Halafu nikagundua kwamba sijui hata kama jirani yangu, nyuma ya ule ukuta, alikuwa na taa.