Paka Aliyeitwa Jini

Hadi leo nikisikia mtu akisema kizuri chajiuza, damu hunichemka. Riziki yangu ni kupiga picha. Nina kibanda Bombolulu, chenye kitambaa cheupe ukutani na kigoda, na kila siku nawaambia watu wainue kidevu na kufunua masikio ili wapate picha za pasipoti. Nimewaona wanawake wazuri wakitoka kwenye picha kama wametolewa mahabusu, kwa sababu tu mpiga picha alikuwa na haraka. Kizuri hakijiuzi hata kidogo.

Mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye sasa amestaafu, alikuwa akitunza paka waliotupwa katika ua wa jirani yake huko Junda. Akitafuta watu wa kuwachukua, alituma picha zao kwenye kundi la simu. Na picha zenyewe! Paka nyuma ya seng'enge, mbavu nje, usaha machoni, na chini yake: "Waoneeni huruma." Watu walituma vikaragosi vya machozi, kisha wakaendelea na shughuli zao. Nilikereka. Nani anakaribisha msiba nyumbani kwake kwa hiari? Nikamwambia, "Mwalimu, niachie mimi."

Nilikwenda adhuhuri moja huku wateja wananingoja kibandani. Nikawapiga picha paka kumi na mmoja kwa muda usiofika dakika kumi, nimesimama wima, taa ya kamera ikiwaka. Wa mwisho alikuwa jike jeusi, mpole mno, aliyejikunyata pembeni penye kiza. Kwenye picha hakikuonekana chochote ila macho mawili yanayowaka. Niliona hivyo, na nikaituma hivyo hivyo.

Wenzake weupe na wa rangi ya chungwa walitoka vizuri kiasi, wakachukuliwa mmoja mmoja. Yeye aliambulia "Audhubillahi". Mzee mmoja mwenye duka la nafaka Timbwani, aliyechoshwa na panya, alivuka feri akaja mpaka Junda kutafuta paka. Alipofika kwenye seng'enge akarudi nyuma.

"Mimi nnataka paka, Mwalimu. Huyu si yule wa kwenye picha, mwenye macho ya moto? Wallahi huyu jini."

Hakungoja hata kahawa.

Nilimsema mzee yule wiki nzima, kwa kila mteja aliyekaa kwenye kigoda changu. Mtu mzima, sala tano hazimpiti, anamkimbia paka! Nikawasema na wa kundini wote, wajinga wasiojua kutazama. Nyani haoni kundule.

Kisha jirani akautaka ua wake ajenge. Paka atakayebaki mwisho wa mwezi ingebidi arudishwe sokoni Kongowea, alikookotwa. Mwalimu mwenyewe anaishi kwa mwanawe, na mkwewe ana pumu. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini, bila kunilaumu. Ningeona afadhali anilaumu.

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda Junda. Tukamtoa yule paka tukamweka mlangoni, jua la asubuhi linapoingia kwa ubavu, tukamtandikia leso ya manjano. Taa ya kamera nikaizima. Mwalimu akajipaka dagaa vidoleni, na mimi, mama mzima, nikalala kifudifudi sakafuni mpaka macho yangu yakalingana na ya paka. Tulikaa hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Hatimaye paka akakunja mkono mmoja chini ya kifua, akafumba macho nusu, nikapiga. Masharubu yalionekana, na manyoya yale meusi yalikuwa na wekundu kidogo juani. Nikaandika: "Anapenda dagaa. Panya hawampendi."

Jioni ile ile mzee wa Timbwani akapiga simu. "Huyu wa kwenye leso ya manjano, yungalipo?"

Alikuja na kikapu, amejaa furaha na lawama. "Kumbe mlikuwa na paka kama huyu, mkanionyesha lile jini!"

Mwalimu alinibana mkono ninyamaze. Sikuweza. Nilizifungua picha zote mbili nikamwekea mbele ya uso.

"Mzee wangu, hakuna paka mwingine. Ni huyu huyu uliyemkimbia."

Akatazama simu, akamtazama paka, akarudi kwenye simu. Nilisubiri aone haya. Nilikuwa na maneno mengine tayari.

"Na hii ya kwanza," akauliza, "ni nani alopiga?"

Mwalimu akatazama kando.

"Mimi," nikasema.

Mzee alimtia paka kikapuni taratibu, akainama, akamnong'oneza kitu sikioni. Kisha, badala ya kuondoka, akakiweka kikapu miguuni pangu.

"Mimi nshamwomba radhi," akasema. "Sasa wewe."

Nikapiga magoti palepale kwenye saruji, na sikujua nianzie wapi.