Bahari Ikiwa Kushoto

Mayai ya kuchemsha yakifungiwa saa chache kwenye kopo la plastiki hutoa harufu ambayo watu wengi huikimbia. Juzi mwenzangu ofisini alifungua kopo lake la chakula cha mchana, wenzetu wakaziba pua na mmoja akafungua dirisha. Mimi nilijikuta nina miaka tisa, nimebanwa kiti cha nyuma cha gari la Baba, kati ya Bibi na mfuko wenye mayai kumi na sita, tunatoka Doha kwenda kutembea.

Kutembea, naomba mnielewe, halikuwa jambo la familia yetu. Tuliishi Rayyan, pembeni mwa Doha, na Baba alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli moja kule West Bay. Maisha yetu yote yalipita garini. Hata mkate tuliununua kwa kusimama mbele ya duka na kupiga honi, muuzaji akautoa mpaka dirishani. Nilidhani ndivyo wanavyofanya binadamu wote.

Kisha Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Tanga kututembelea kwa mwezi mmoja. Wiki ya kwanza alikaa dirishani akitazama barabara. Wiki ya pili akauliza, kwa upole kabisa, "Hivi hapa watu wana miguu ya nini?"

Baba aliumia kama vile mji ule kaujenga yeye. Kesho yake alimpeleka Kornishi, ile njia ndefu ya sakafu inayofuata ufukwe katikati ya jiji. Bibi aliitembea yote, akatazama maghorofa ng'ambo ya maji, akasema ni pazuri. "Lakini hii ni baraza, Hamisi. Njia yenyewe iko wapi?"

Ndiyo maana siku yake ya mapumziko iliyofuata Baba alituamsha alfajiri, akatuendesha zaidi ya saa nzima mpaka pwani ya magharibi, kwenye rasi ya mawe meupe ambayo dereva mmoja wa hotelini alimsifia. Ilikuwa Januari, na baridi ilikuwa ya kweli. Bibi alivaa sweta la Mama juu ya kanga, na soksi za Baba ndani ya kandambili. Mimi nilivaa viatu vipya ambavyo nilikatazwa kuvivaa nikavilia mpaka nikaruhusiwa.

Sijawahi kusahau bahari ile. Tulipita juu ya majabali mafupi yaliyoliwa na upepo, na chini yetu maji yalikuwa ya kijani karibu na mawe, ya buluu mbele kidogo, na yametulia hivi kwamba ungeona kivuli cha ndege kikipita juu ya mchanga wa chini. Mama alisimama kila baada ya hatua kumi kupiga picha. Bibi hakusimama. Alikwenda kwa mwendo mmoja, mikono nyuma, na kandambili zake zikipiga visigino, pa, pa, pa.

Baba alitangulia akitueleza kanuni yake. "Rasi ni kama kichwa cha mtu," alisema. "Ukikizunguka, unarudi ulikotoka. Bahari ikiwa kushoto kwetu muda wote, hatuwezi kupotea."

Bahari ilikuwa kushoto, basi hatukupotea. Tulifika nchani mwa rasi, tukala mayai manane, tukazunguka, tukaanza kushuka upande wa pili. Bahari ilikuwa bado kushoto. Baba alitazama mbele kwa furaha akilitarajia gari, na gari halikuonekana. Jambo ambalo kanuni ile haikulisema ni kwamba gari lilikuwa upande wa magharibi wa rasi, na sisi sasa tunateremka upande wa mashariki, tunaliacha nyuma ya vilima.

"Baba Salma," Mama alisema baada ya muda mrefu, "asubuhi jua lilikuwa mgongoni. Sasa linanichoma usoni."

"Jua la huku halieleweki," Baba akajibu.

Mama alinitazama, akachukua chupa ya maji, akaitikisa kusikia imebaki kiasi gani. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Viatu vilikuwa vimenitoa malengelenge kwenye visigino vyote viwili, nikawa nachechemea nyuma na Mama. Mbele, mbali kidogo, Baba na Bibi walikuwa bega kwa bega. Baba alikuwa anaongea. Aliongea bila kupumzika, sauti ya chini, mkono mmoja ukichora hewani, na Bibi hakujibu neno. Nilidhani anaendelea kumweleza kuhusu rasi.

Tuliokolewa na ulimi wa Mama. Alikuwa analalamika kwa sauti kubwa jinsi alivyoolewa na mtu anayeongozwa na bahari, mara mlinzi akatoka kwenye kibanda kando ya uzio, amevua kofia, anatabasamu kama aliyeota.

"Nimesikia Kiswahili nikadhani nimepata wazimu," alisema. Aliitwa Wafula, alikuwa Mkenya, na alikuwa analinda kambi ya ujenzi ambayo wajenzi wake hawakuwa wamefika. "Mmetoka wapi na huyu mtoto?"

Baba akamweleza, pamoja na kanuni. Wafula alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mzee, hiyo gari yenu iko side ile ingine kabisa. Mngeendelea hivi, mngefika Doha na miguu." Kisha akamgeukia Bibi. "Shosho, kuja ukae hapa kivulini."

"Shosho ni nani?" Bibi akaniuliza pembeni, asijue ndivyo Wakenya wanavyomwita bibi, lakini alikaa. Alimpa Wafula mayai yote yaliyobaki, akamsimamia mpaka akayala, huku akimuuliza kama mama yake anajua kwamba anakaa jangwani peke yake. Wafula akasema mama anajua ana kazi nzuri. Bibi akamtazama Baba, Baba akatazama bahari.

Pikapu ya maji ilipopita ikatuzungusha hadi garini. Baba alikaa mbele, akimweleza dereva, Mnepali asiyejua Kiswahili, mahali kanuni ilipokosewa.

Miaka kumi baadaye nilikwenda Tanga, nikamchokoza Bibi kuhusu siku ile. Alisema alijua tumepotea tangu pale nchani, maana jua lilihama.

"Sasa mbona hukusema?"

"Baba yako alikuwa ameanza kunisimulia," alisema. Baba alimsimulia jinsi alivyoishi Doha miaka ya mwanzo, watu wanane chumba kimoja, jinsi alivyokuwa anapiga simu nyumbani na kucheka kwa nguvu ili mama yake asisikie mafua wala njaa, na jinsi alivyoshindwa kuja kumzika babu yangu kwa sababu pasipoti yake ilishikwa na mwajiri, naye wakati ule akasingizia amezidiwa na kazi. Miaka tisa hakuwahi kuyasema. "Ningemwambia tumepotea, angenyamaza, akaanza kutafuta gari."

Basi alinyamaza yeye, akaendelea kutembea. Na mimi nyuma yao, visigino vikiniwaka moto, nilikuwa namwomba Mungu kwa moyo wangu wote amnyamazishe Baba, ili apate kutazama njia.