Bolti Nne za Koki

Jumamosi ile asubuhi Koki alikuwa chini ya gari lake, miguu nje, kichwa ndani, na matusi yanatokea pande zote mbili.

Koki ni fundi bomba. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho na limelala huko huko, maana mtaa mzima unamwita Koki, mkewe naye akikasirika. Ana miaka ishirini na sita ya kukaza na kulegeza, vidole vinene kama mipini ya nyundo, na mdomo ambao hakuna spana iliyowahi kuufunga. Ukimsikiliza mwenyewe, hakijazaliwa kitu cha kuzunguka kikakataa kuzunguka mbele yake.

Sasa bolti moja, kichwa chake hakifiki hata kizibo cha soda, ilikuwa inamtoa jasho tangu saa mbili. Na saa nne ilishapita.

"Toka! Toka mwanaharamu wewe!"

Bolti kimya.

"Koki," jirani yake kinyozi aliita kutoka ng'ambo ya ukuta, "unaongea na gari au kuna mtu umemfungia huko?"

"Wewe shughulika na vichwa vya watu. Vya bolti niachie mimi."

"Sawa, bingwa. Ila hivyo unavyozungusha, si unakaza?"

"Nimelala chali, mpumbavu wewe! Mtu akilala chali, kulia kwake..." Koki akaishia hapo hapo. Akaiangalia spana. Akaigeuza taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba tangu asubuhi anatembea amevaa shati nje ndani. Kinyozi akacheka mpaka mashine ya kunyolea ikamponyoka, na mteja wake akasikika akilalamika juu ya sikio.

Tatizo lilikuwa breki. Ukizikanyaga, chuma kinalia juu ya chuma, na gari linavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Pedi mpya alishanunua, ziko kwenye boksi barazani. Kuzifikia ndiyo kazi, lazima ufungue bolti nne, mbili kila gurudumu la mbele. Zote nne zilikuwa zimeganda kama zimezaliwa humo.

Mtu mwenye akili angeenda gereji. Na gereji haikuwa mbali, mwisho wa barabara tu, ya shemeji yake, mdogo wa mkewe kabisa. Lakini hapo ndipo penye mfupa.

Miaka miwili nyuma, shemeji ndiye aliyezitengeneza breki hizo hizo. Baada ya miezi mitatu gari likaanza kuvuta upande, na siku moja likamvuta Koki na mkewe mpaka kwenye ukuta wa watu. Hawakuumia. Koki hakuuliza, hakuangalia chochote, alikwenda moja kwa moja gereji, akasimama katikati ya wateja watano akapiga kelele: "Huyu ni muuaji! Nusura amuue dada yake! Mwenye roho yake achukue gari lake aondoke!" Wateja wawili wakachukua magari yao saa ile ile. Wa tatu akachukua la kwake jioni.

Tangu siku hiyo shemeji hajakanyaga geti la dada yake. Alileta neno moja tu: "Aliyenitukana mbele ya wateja, aje aombe radhi mbele ya wateja. La sivyo, mimi na dada yangu tutaonana misibani." Na kweli, kwa miaka miwili walionana mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na jeneza katikati.

Ndiyo maana asubuhi ile, Koki alipotandika gunia chini ya gari, mkewe alikuja na tochi mkononi na maneno kifuani.

"Baba Pacha, tukubaliane. Bolti hizo zikikushinda, leo unamwita mdogo wangu."

"Zinishinde mimi? Mimi Koki?"

"Zikikushinda."

"Mama Pacha, zikinishinda nitamwita, nitampigia magoti na viatu nitampigia rangi. Ila nikitoa hata moja, jina la huyo mharibifu lisitajwe tena kwenye nyumba hii. Umesikia?"

Mama Pacha aliwasha tochi. "Nimesikia," akasema. Akachuchumaa, akaanza kumulika.

Kazi ikawa vita. Alimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, akamwagia tena. Akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo, polepole kwanza, halafu kama anamgonga mtu anayemjua. Akachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana ili apate urefu, akavuta kwa miguu na meno. Spana ikateleza, mkono ukapiga chuma, ngozi ya vifundo vitatu vya vidole ikabaki kwenye rimu.

"Fundi gani anafunga bolti hivi?" alifoka, damu inachuruzika. "Hii si kutu! Mtu kafunga hivi makusudi! Mdogo wako alikuwa anafunga gari au anafunga kaburi?"

"Mulika wapi?" mkewe akauliza kwa sauti kavu.

"Mulika ujinga wa ndugu yako!"

"Ni mkubwa sana huo, tochi haitoshi," kinyozi akachangia kutoka ukutani.

"Nitakuja kukunyoa mimi leo!"

Mwisho akaenda stoo, akarudi na kile kimtungi chake cha gesi cha kuunganishia mabomba ya shaba. Akawasha, moto wa buluu ukavuma, akauelekeza kwenye bolti. Chuma kikaanza kubadilika rangi. Moshi mweupe mzito ukapanda, na harufu ikawajaa puani.

Mama Pacha akakunja uso. "Mbona inanuka kamba? Kamba iliyoungua, na rangi."

"Ni uchafu wa barabarani."

"Barabara gani imepakwa rangi ya mafuta?"

"Wewe mulika!"

Akazima moto, akachomeka spana, akaweka bomba, akavuta. Hakuna. Akavuta tena mpaka shingo ikatoa mishipa. Bolti ikapiga yowe kama mlango wenye kutu, ikazunguka nusu. Halafu nusu nyingine. Halafu ikaanza kutoka yenyewe kama mtu aliyechoka kubishana.

"Eeh! Nani Koki? Nani?" akapiga kelele kule chini. "Ulidhani utanishinda wewe?"

Ikaanguka kifuani kwake, bado ya moto, akairusha kutoka mkono huu kwenda ule, akaishika kwa kitambaa na kuisogeza kwenye mwanga. Kelele zikakatika.

Meno yote ya bolti yalikuwa yamezungushiwa katani. Nyuzi zilikuwa zimepangwa vizuri, zimelalia upande mmoja, juu yake imepakwa rangi nyekundu ya mafuta iliyokauka ikawa jiwe. Ufungaji wa bomba ule. Hakuna fundi gari duniani anayefunga breki kwa katani. Mtu wa kufanya hivyo ni fundi bomba, na tena fundi bomba mmoja, maana vijana wa siku hizi wote wanatumia utepe mweupe, na Koki huwacheka.

Ikamrudia yote. Wiki moja baada ya shemeji kutengeneza, alisikia mlio, ko-ko-ko, akaona haya ya kurudi kumuuliza mtoto aliyemwona akiota meno. Akafungua mwenyewe bolti zote nne, na vile vyuma vinavyotakiwa kuteleza breki zikikanyagwa. Akafunga kila kitu kwa katani na rangi, kama bomba la maji, ili kisilegee kamwe. Na hakikulegea. Breki ya kushoto ikang'ang'ania, gari likaanza kuvuta, ukuta ukaja. Kumbe muuaji aliyekuwa anamtafuta gereji ndiye aliyeshika usukani.

Akatukana. Safari hii kwa sauti ya chini na bila kumtaja mtu, lakini lilikuwa tusi baya kuliko yote ya asubuhi hiyo. Kisha mkono wake, wenyewe, ukaanza kuisugua bolti kwa kitambaa. Katani ilikuwa inatoka. Kusugua kidogo tena, na bolti ingekuwa bolti tu.

Mama Pacha alikuwa ameinama, shavu karibu liguse sakafu, anamwangalia kupitia chini ya gari.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Basi umeshinda," akasema. Akazima tochi. Hakununa. Alisema tu kama mtu anayetua ndoo, akaanza kujiinua kwa kushika goti.

Koki akaacha kusugua.

"Ngoja," akasema.

Akatoka chini ya gari, gunia likimfuata mgongoni, akampa mkewe bolti mkononi. Mama Pacha aliigeuza mara mbili. Mke wa fundi bomba miaka ishirini na mbili haelezwi katani ni nini.

Hakumpiga. Alimtazama tu kwa namna ambayo Koki angeona heri kupigwa. "Miaka miwili, Koki," akasema. "Miwili!" Akatangulia kwenda getini.

Gereji kulikuwa na wateja wanne na gari moja lililofunguliwa mdomo. Shemeji aliinua kichwa, akaona ni nani, akakamata spana vizuri.

"Umekuja kumfukuza nani leo?"

Koki aliinua bolti juu wateja waione. Sauti yake, ambayo huvuka mitaa mitatu bila simu, ilikwama. Ikabidi aanze upya.

"Nilisema huyu ni muuaji. Nilisimama hapa hapa. Breki zile niliziharibu mimi. Nilifungua kazi yake nikafunga kwa katani, kama bomba. Nisamehe, shemeji."

Mteja mmoja akaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Alichukua bolti, akaiangalia, na hasira ikampanda kuanzia shingoni.

"Katani? Kwenye breki? Wateja wangu watatu wameondoka kwa sababu ya katani? Mke wangu kajifungua, dada yangu hajaja kwa aibu, kwa sababu ya katani?"

"Ndiyo."

"Zimebaki ngapi?"

"Tatu."

"Zote hivi?"

"Zote."

Shemeji alitupa kitambaa chini, akabeba sanduku la vifaa, akaanza kupanda barabara akitukana. Alimtukana Koki, akayatukana mabomba yake, mabwana waliomfundisha kazi, na mtu wa kwanza aliyemkabidhi spana. Koki alimfuata nyuma, mdomo umefungwa, tusi moja baada ya jingine linampata na hajibu. Kinyozi alitoka mlangoni ashuhudie, akiwa na mteja aliyenyolewa nusu.

Walipofika, shemeji hata hakupunguza mwendo. Hasira zake zilimpitisha getini mpaka kwenye gari, akalala chini, akaanza kutukana upya akiwa huko huko.

Dada yake, aliyekuwa nyuma yao tangu gereji, akafunga geti haraka, akasukuma komeo mpaka mwisho.