Goti Lililotolewa Ushuhuda

Goti langu lilipona kanisani Jumapili moja asubuhi, mbele ya watu wote, na mimi mwenyewe sikuwa na habari. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, mguu nimeunyoosha chini ya kiti cha mbele kwa sababu ulikuwa haukunjiki vizuri tangu upasuaji, nikamwona mama yangu anainuka kwenda kushika kipaza sauti.

Kanisa letu ni la Wakongo wa mashariki. Tunakodi ukumbi kule Aston, Birmingham, Uingereza, na kabla ya mahubiri kuna muda wa ushuhuda. Mtu anasimama, anaeleza alichotendewa na Mungu, akina mama wanapiga vigelegele, na jambo limekwisha. Sijawahi kuona mtu akirudi Jumapili inayofuata kusema alikosea.

"Mutoto yangu aliumia goti," mama alisema. "Ba docteur balimupasua, balisema atangoja sana. Lakini Mungu wetu hangojaki rendez-vous ya hospitali! Alishamuponyesha! Atarudia kucheza!"

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mchungaji akaniita mbele. Ningefanyaje? Nilikwenda huku kila hatua ikinichoma, natabasamu kama bwana harusi.

Nilikuwa nacheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na pedi za mabega, katika timu ya wikendi hapa Birmingham. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Mimi nilikuwa mlinzi wa mstari wa mbele: kazi yangu ilikuwa kulipita jitu lililowekwa kunizuia, nimwangushe mrushaji kabla hajauachia mpira. Nilikuwa mzuri. Nasema bila haya, maana sikupewa muda mrefu wa kuwa mzuri. Msimu wa kwanza bega lilichomoka. Nikarudi. Kifundo cha mguu kikapinduka. Nikarudi tena. Halafu goti: sikuguswa na mtu, niligeuka tu kwenye matope, kano ya ndani ikakatika. Daktari aliishona na kuniambia waziwazi kwamba ikikatika tena, nisahau mchezo. Nilichotaka ni msimu mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho, kabla sijazeeka.

Tulipopanda basi kurudi nyumbani Small Heath nilikuwa nachemka.

"Mama, physio, yule wa mazoezi ya goti, alisema bado. Not yet. Why ulisema vile mbele ya watu?"

"Hiyo njo imani, mutoto yangu. Unasema mbele, kitu kinafuata nyuma."

"And kama haikufuata?"

"Usiseme vile. Hata mugongo yangu ilipona vile."

Huo ushuhuda wa mgongo niliujua kwa moyo. Aliutoa tulipokuwa wageni nchi hii, mimi mtoto mdogo, na mpaka leo wazee wa kanisa wanautaja. Kwa hasira nikashuka kabla ya kituo chetu, nikasahau kwamba mwenye kuumia ni mimi. Barabara ya Coventry yote ile nikaichechemea mwenyewe, kati ya mafungu ya bamia na watu wanaotoka madukani.

Kila jioni, akirudi kutoka kupiga deki maofisini, mama alikuwa ananikanda. Sufuria ya maji moto na chumvi, taulo, kisha dawa ya kuchua inayowasha mpaka machozi. "Lala," alikuwa akisema, nami nalala kwenye kochi. Hatukuzungumzia ushuhuda. Lakini kanisani kila mtu aliuliza narudi lini uwanjani, na nikisema goti bado linauma, namfanya mama yangu mwongo mbele ya kanisa zima. Majira ya kuchipua nikamwambia kocha niko sawa.

Siku ya mechi ya kwanza akina mama wa kanisa walikuja uwanjani na vitenge vyao vya sare, na sombe, yaani kisamvu, na fufu ya muhogo kwenye mabakuli. Sheria za mchezo hawakuzijua. Kila mtu akianguka walipiga vigelegele, wetu au wao, mpaka wachezaji wa upande wa pili wakaanza kucheka. Na mimi, kwa dakika chache, niliruka kama zamani. Nililipita lile jitu, nikamshika mrushaji kiunoni, nikamlaza chini. Nilisikia furaha ambayo sijui niiwekeje kwenye maandishi.

Mara iliyofuata nilikanyaga kugeuka, goti likatoa sauti niliyoijua.

Akina mama waliingia uwanjani kuniombea. Refa alishika filimbi asijue aipulize au avue kofia. Mama yangu hakuja. Alibaki kwenye mstari mweupe, kona ya kitenge mdomoni.

Daktari alisema nilichokwisha kujua. Kanisani hakuna aliyelitaja goti, ila mchungaji aliwaombea wenye imani haba, nikaona vichwa vikigeuka kunitazama. Mama aliimba na kupiga makofi. Nilimchukia kidogo siku ile, na nikakataa kabisa kukandwa tena.

Kopo la dawa lilibaki bafuni. Sikuligusa, lakini lilizidi kupungua. Likaisha, likaja jipya, nalo likaanza kupungua. Nilidhani anamgawia jirani.

Jioni moja niliwahi kurudi kutoka mazoezi ya mguu. Harufu ya dawa ilinipokea mlangoni. Mama alikuwa jikoni, ameshika ukingo wa sinki kwa mkono mmoja, blauzi ameipandisha, mkono mwingine unahangaika kufika katikati ya mgongo na haufiki. Aliponiona akashusha blauzi haraka.

"Mama. Since when?"

Akafungua bomba, akanawa mikono muda mrefu.

"Haikuachaka kuuma," akasema. "Siku ile ya ushuhuda ilitulia. Asubuhi ikarudia. Sasa ningeenda kusema nini?"

Nikamfikiria akiinama juu ya ndoo miaka yote ile, na kila Jumapili akicheza mbele ya madhabahu, mgongo wima. Hasira niliyokuwa nimeibeba ilinitoka, ikaniacha na huzuni tupu.

Nikabandika sufuria ya maji, nikatia chumvi. Nikachukua taulo na kopo.

"Lala," nikamwambia.

Alisita, kisha akalala kifudifudi kwenye kochi langu. Kupiga magoti siwezi tena, kwa hiyo nikavuta kiti. Nilikanda taratibu, nikitafuta kwa vidole, naye uso kwenye mto.

"Hapo," akasema mwishowe. "Hapo njo kunauma."